Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Wahenga walituachia methali isemayo, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni methali njema, na mimi nimeifundisha darasani mara nyingi. Lakini ipo mahali inapotumiwa vibaya, nami nimepata kuisikia ikitumiwa hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini, nayo ni katika kuchagua kituo cha mashindano ya michezo ya shule. Kila wilaya na kila mkoa unapotaka kuwa mwenyeji hujitetea kwa methali hiyo: wageni watakuja, nyumba za kulala wageni zitajaa, mama lishe watauza, barabara itachongwa, na jina la mji litatajwa redioni. Yote ni kweli. Ila ndugu msomaji hebu tujiulize, huyo mgeni ni nani? Ni mtoto wa kidato cha pili, mwenye mfuko wa nailoni, blanketi moja na pea ya raba aliyoazima. Hakuja kumponya mtu. Amekuja kucheza mpira, na wazazi wake wametukabidhi sisi walimu tumrudishe akiwa mzima.

Ninazungumzia hasa UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania, ingawa mengi nitakayosema yanawahusu pia wadogo zao wa UMITASHUMTA katika shule za msingi. Na ndani ya UMISSETA nitautazama zaidi mpira wa miguu, kwa sababu huo ndio unaojaza watu, na huo ndio unaowafanya wakubwa wagombee uenyeji. Sijapata kuona mkuu wa wilaya akipigania kuletewa mashindano ya kurusha tufe.

Kwa asiyejua, mambo huenda hivi. Shule hushindana na shule jirani, wachezaji bora huchaguliwa wakaunda kombaini ya wilaya, kombaini za wilaya hukutana mkoani, na kombaini za mikoa hukutana kitaifa. Hivyo kituo huchaguliwa mara nyingi, kila ngazi na chake, na kila ngazi ina wagombea wake na minong'ono yake. Kitaifa, Kibaha ilipata kuwa kituo kwa nyakati mbalimbali. Kisha Mwanza ikawa mwenyeji miaka kadhaa mfululizo hadi 2018, vijana wakilala Chuo cha Ualimu Butimba. Mwaka 2019 michezo ikapelekwa Mtwara, 2020 haikuchezwa kwa sababu ya korona, 2021 ikarudi Mtwara, kisha Tabora ikaipokea mwaka 2022, 2023 na 2024, na 2025 ikawa zamu ya Iringa. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba wapangaji wetu si watu wasiofikiri. Wametoka ukanda wa ziwa, wakaenda pwani ya kusini, wakaja kati, wakapanda nyanda za juu. Ugomvi wangu hauko kwenye orodha hiyo. Uko kwenye maneno yanayosemwa kabla ya orodha, na hasa huku chini, mikoani na wilayani, ambako hakuna mwandishi wa habari anayetazama.

Neno la kwanza katika vikao hivyo daima ni uwanja. "Sisi tunao uwanja." "Uwanja wao una mchanga." "Wale hawana jukwaa." Nimekaa katika vikao vya namna hiyo nikiwa mwalimu wa michezo, kisha nikiwa mkuu wa shule, na naweza kusema bila kusita kwamba muda uliotumika kujadili jukwaa ulikuwa mara tano ya muda uliotumika kujadili vyoo. Mara nyingine vyoo havikutajwa kabisa. Lakini sheria ya kwanza ya mpira wa miguu haitaji jukwaa. Inataka mstatili wenye urefu wa kati ya mita 90 na 120, upana wa kati ya mita 45 na 90, na magoli yenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mstatili huo unaweza kusawazishwa na katapila moja kwa siku chache, na magoli yanaweza kuchomelewa na fundi wa hapohapo mjini. Ukikosa jukwaa, mgeni rasmi atakaa chini ya turubai, na ukikosa turubai atakaa chini ya mwembe, na mpira utachezwa dakika tisini vilevile. Kitanda, maji na choo havina mwembe wa kukimbilia.

Sisi walimu wa zamani tulizoea hesabu za kichwa, basi na tuhesabu. Mikoa ya Tanzania Bara ni 26. Tuseme kila mkoa unaleta vijana mia moja tu, nusu yao wasichana, bila kuhesabu walimu, madereva na waamuzi. Hao ni vijana 2,600. Kijana anayecheza juani, anayeoga, anayefua jezi na kunywa maji, umpe lita 20 kwa siku, na hapo hujamdekeza. Ni lita 52,000 kila siku. Yale matangi meusi ya plastiki ya lita 5,000 tunayoyaona kila shule yatajazwa na kumalizika zaidi ya mara kumi kwa siku, na mpishi bado hajainjika sufuria. Mwongozo wetu wa shule unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana 1,300 wanahitaji matundu 65, wavulana 1,300 wanahitaji 52. Jumla 117. Ni miji mingapi katika nchi hii inaweza kuonyesha matundu 117 yenye milango, katika shule zilizo karibu kiasi cha kutembea kwa miguu? Ipo, lakini haihitaji vidole vyote vya mikono kuihesabu. Hayo ndiyo yangekuwa maneno ya kwanza ya kikao.

Nitatoa mfano mmoja wa wakati wangu, bila kutaja mahali, maana waliohusika wengi wamekwisha kufa na waliobaki ni wazee kama mimi. Miaka ya themanini niliongoza timu ya wilaya kwenda mashindano ya mkoa. Tulisafiri juu ya lori, tukiwa tumechanganyika na magunia ya mahindi yetu wenyewe, kwa kuwa kila wilaya iliagizwa kuja na chakula chake. Kituo kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa na uwanja wenye nyasi, na kwa kweli nyasi zilikuwepo, nzuri kabisa. Mabomba yalikuwa makavu tangu siku ya pili. Vijana wakaanza kuchota maji kwenye kidimbwi walikonyweshwa ng'ombe. Siku ya nne watoto kumi na mmoja wa timu yangu walikuwa wakiharisha, na mlinda mlango wetu, kijana mrefu niliyetegemea angeitwa timu ya mkoa, alilazwa zahanati akiwa na dripu mkononi wakati wenzake wanafungwa mabao manne. Nyasi zile nilizichukia. Alasiri ya fainali mgeni rasmi alizisifu.

Kijana yule aliitwa mvivu na mwalimu mmoja wa kituo kile, ati watoto wa huko kwetu hawawezi kuhimili mashindano. Maneno hayo yalimwuma kuliko yale mabao. Nami ninayakumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba vijana wa siku hizi wamedekezwa, kwamba sisi tulilala chini na hatukufa. Tulilala chini, ndiyo. Wengine wetu tuliugua, na hakuna aliyeandika.

Wapo wanaodhani kwamba nikisema habari ya malazi ninazungumzia starehe. La hasha. Nchi hii imewahi kuzika watoto kwa sababu ya mabweni. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 katika bweni la sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 moto mwingine uliwaua wasichana 12 wa sekondari ya Idodi, mkoani Iringa. Hao walikuwa wakilala kwao, katika shule wanayoijua, kila mmoja akijua mlango uko wapi gizani. Sasa fikiria darasa lililogeuzwa bweni kwa siku kumi, madirisha yana nondo kwa kuogopa wezi, mlango ni mmoja, magodoro yamebanana ukuta hadi ukuta, na walalao humo ni wageni waliofika usiku. Umeme ukikatika, mtoto huwasha mshumaa, kwa sababu nyumbani ndivyo afanyavyo. Mimi sijui mkaguzi wa kituo aliyewahi kuulizwa na kamati, "Mlango wa pili uko wapi?" Huulizwa kama vyumba vya kubadilishia nguo vimepakwa rangi.

Nije kwenye safari, maana huko ndiko fedha zinakoishia na ndiko hatari inakokaa. Kutoka hapa Kiomboi hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara, na mtoto wa Bukoba husafiri karibu kilomita 2,000. Mwaka 2019 michezo ilipopelekwa Mtwara, niliwasikia watu wa huku bara wakilalamika kwamba ni mbali. Sikukubaliana nao hata kidogo. Watoto wa Mtwara na Lindi walikuwa wakisafiri kuja kwetu miaka nenda rudi bila mtu kuwahurumia. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika barabara ilikatika wakakaa njiani siku kadhaa. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba Kibaha ni mbali. Mbali ni neno linalotegemea umesimama wapi. Kwa hiyo kuzungusha kituo ni haki, na wale waliopeleka michezo Mtwara walitenda haki.

Lakini haki hiyo haijakamilika, kwa sababu gharama ya umbali inaachwa imwangukie aliye mbali. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na michango ya lazima ikapigwa marufuku, mkuu wa shule hana tena ruhusa ya kumwambia mzazi alete shilingi kadhaa za michezo. Marufuku ile ninaiunga mkono, kwani ilirudisha shuleni watoto wengi maskini. Ila basi halikuanza kutembea kwa maji. Nauli inatoka wapi? Inatoka kwenye mafungu machache ya shule na mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri yenye bandari au migodi mikubwa inakata basi zima lenye viti vya kulala. Halmashauri kama yetu ya Iramba, inayotegemea ushuru wa alizeti, vitunguu na minada ya ng'ombe, inatafuta la bei nafuu. Na basi la bei nafuu linasafiri usiku, dereva ni mmoja, na vijana watatu wanakalia viti viwili. Matokeo yake mtoto wa mbali hufika amechoka, hufungwa, kisha huitwa dhaifu, kama alivyoitwa yule mlinda mlango wangu.

Nani asiyekumbuka Karatu? Tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao walikufa basi lao lilipotumbukia korongoni pale Rhotia. Walikuwa wanakwenda shule nyingine kufanya mtihani wa kujipima. Baada ya maziko yale tuliambiwa mengi kuhusu mabasi ya wanafunzi, na mengine yalitekelezwa. Lakini sijaona mahali ambapo barabara ya kufika kituoni imewekwa miongoni mwa sifa za kituo, sawasawa na uwanja. Yeyote anayechagua kituo amechagua pia kilomita ambazo watoto watazisafiri, milima watakayoshuka, na saa watakazopita humo. Sisi wa Iramba tunaujua mlima Sekenke. Mimi nimeushuka usiku ndani ya gari lililojaa wanafunzi wakiimba, na sikuimba.

Dawa ya jambo hili ni rahisi, na nimeisema barazani mpaka wenzangu wamechoka kunisikia. Nauli za mikoa yote ziwekwe katika chungu kimoja. Kila mkoa uchangie sawa, uwe karibu au mbali, na chungu hicho kilipe mabasi yote, yaliyokaguliwa, yenye madereva wawili, yanayolala njiani giza likiingia. Hapo mwenyeji hatafaidika kwa kukaa nyumbani bila nauli huku mgeni akitumia bajeti ya mwaka mzima barabarani. Na wale wanaopigania uenyeji kwa ajili ya kuokoa nauli yao, ambao wapo, watapoa.

Hapa nitapingwa na watu wa aina mbili, na wote wana hoja.

Wa kwanza ni wale wanaotaka kituo kimoja cha kudumu. Wanasema, jengeni mahali pamoja, mabweni, viwanja, zahanati, mwisho wa ugomvi. Hoja hii inavutia, hasa kwa mtu aliyewahi kuhesabu magodoro. Tabora, ambayo iko karibu na kitovu cha nchi na ina shule kongwe zenye mabweni na chuo cha ualimu, ingefaa sana. Lakini kituo cha kudumu kina ugonjwa wake. Wenyeji huzoea. Mwaka wa kwanza wanapiga deki, mwaka wa tano wanakodisha. Isitoshe, mtoto wa Rukwa hatauona bahari kamwe, na mtoto wa Pwani hataijua baridi ya Iringa mwezi wa Juni, wakati ile "U" ya kwanza katika UMISSETA ni Umoja, nao umoja hauji kwa kuambiwa. Kukaa miaka mitatu mahali pamoja kunatosha: matangi yaliyonunuliwa yanatumika, makosa ya mwaka wa kwanza yanasahihishwa, kisha wenyeji wanabaki na vyoo vyao. Jambo ninalolipinga ni kutojua. Mkoa unapaswa kutajwa miaka mitatu kabla ya zamu yake, ili uchimbe kisima bila papara.

Wa pili ni watu wangu mwenyewe, na hawa ni wagumu zaidi. Wazee wenzangu hapa Kiomboi wameamua kwamba mji wetu nao uombe. Wanaanza na mashindano ya mkoa, na wakishapata, nia yao ni kutazama juu. Waliniletea barua niitie sahihi kwa vile nilikuwa mkuu wa shule. Barua ilisema kwamba Kiomboi ni makao makuu ya wilaya kongwe, kwamba Singida mjini imefaidi vya kutosha, ina uwanja wa Liti ambao zamani tuliuita Namfua, imekuwa na timu za ligi kuu, na sasa ni zamu yetu. Iliongeza kwamba vijana wa Iramba wanastahili kuwaona wachezaji wa mkoa mzima wakicheza mbele yao. Kuhusu maji haikusema lolote. Nikawarudishia bila sahihi, na mmoja wao hakuniamkia juma zima.

Naomba nieleweke. Sikuirudisha kwa sababu ninaona Kiomboi haifai. Nadhani inafaa kuliko wao wenyewe wanavyojua, na ndiyo maana iliniuma kuona inaombewa kwa hoja dhaifu. Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Singida Manispaa, Singida Vijijini, Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Zikileta vijana mia moja kila moja, ni vijana 700. Hao wanahitaji lita 14,000 za maji kwa siku na matundu ya choo 32. Hesabu hiyo inawezekana hapa. Kuna Chuo cha Ualimu Kinampanda, kikongwe na chenye mabweni. Kuna shule za bweni. Kuna hospitali ya wilaya hapahapa mjini, ambayo mtoto akivunjika mguu anafikishwa upesi. Baridi ya Juni ni kali huku juu na upepo haupumziki, kwa hiyo kila mtoto aje na mablanketi mawili, hilo waandikiwe mapema. Uwanja? Uwanja ni wa vumbi. Basi tutamwagia maji asubuhi, kama tukishakuwa na maji ya kunywa.

Wakubwa wa mkoa kwa upande wao husema kwamba wilayani hakuna nyumba za kutosha za kulala maofisa na wageni waalikwa. Hoja hii nimeisikia kwa masikio yangu, tena ikitolewa kwa sauti ya upole kana kwamba ni ya busara. Ina maana kwamba watoto mia saba watakwenda mahali ambapo watu wazima thelathini watapata chumba chenye bafu ndani. Maofisa walale Singida mjini na waje asubuhi kwa gari la serikali. Watoto hawana gari la serikali.

Na faida ya kuzungusha mashindano ya mkoa ni kubwa kuliko ile ya mama lishe. Shule ikipokea wageni mia moja kwa siku kumi, vyoo vilivyojengwa kwa ajili yao havibomolewi wakiondoka. Msichana wa kidato cha kwanza wa Kiomboi, ambaye hukosa shule siku fulani za mwezi kwa kuwa choo hakina mlango wala maji, atakitumia choo hicho Julai, Agosti na mwaka unaofuata. Ukipeleka mashindano mahali palepale kila mwaka, fedha ya vyoo nayo huenda palepale kila mwaka. Ni ajabu kwamba wazee wangu, waliotaja wachezaji wa ligi kuu katika barua yao, hawakulitaja hili.

Watu wazima wenye mpira wao wa fedha hawafanyi mchezo na mambo haya. Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, liliipa nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027. Kabla ya kutoa, walitazama viwanja, ndiyo, lakini pia hoteli, hospitali, viwanja vya ndege, barabara na viwanja vya mazoezi. Na mashindano ya CHAN, ambayo nchi hizohizo tatu ziliyapokea, yalikuwa yaanze Februari 2025. Januari CAF wakasema miundombinu haijawa tayari, wakayasogeza hadi Agosti. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri miezi sita. Katika mashindano yetu ya shule sijapata kusikia hata mara moja kamati ikisema kwamba kituo hakiko tayari, watoto wasubiri majuma mawili. Ratiba ikishapigwa mhuri na mgeni rasmi akishaalikwa, watoto wataingia hata kama fundi bomba yungali anachimba. Mwanaume mzima anayelipwa mshahara wa kucheza anasubiri mpaka bafu likamilike. Mtoto wa mkulima wa vitunguu anaambiwa avumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa kwa miaka kadhaa, ati inawapotezea watoto muda wa masomo. Niliipinga hatua ile wakati huo, na bado ninaamini iliua vipaji vya kizazi kizima. Lakini waliotaka kuisimamisha walipata nguvu kutokana na malalamiko ya wazazi, na malalamiko mengi hayakuhusu masomo. Yalihusu watoto kurudi wagonjwa, kurudi usiku wa manane, na wengine, wasichana, kurudi na mambo ambayo hayasemwi mbele ya baba. Kituo kibaya kiliwapa maadui wa michezo silaha. Anayetaka michezo idumu na akitazame chanzo hicho, hasa mahali wasichana wanapolala na nani ana ufunguo.

Pendekezo langu la mwisho limewachekesha wengi, nami sijali. Kamati ya kuchagua kituo isiende kukagua mchana, na gari linalosubiri nje huku injini ikinguruma. Iende jioni, mwezi wa Januari, miezi mitano kabla ya mashindano. Wajumbe wote, pamoja na afisa michezo wa mkoa, na angalau nusu yao wawe wanawake, walale usiku mmoja katika madarasa watakayolala watoto, juu ya magodoro yaleyale. Wale chakula kilichopikwa katika jiko la shule hiyo. Usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa, watoke nje na kurudi bila tochi, wahesabu milango. Alfajiri waoge kwa maji ya kituo na watumie vyoo vya kituo, kila mmoja kwa zamu yake kwenye foleni. Wakishakunywa chai ndipo waende uwanjani, wapime mstatili kwa futi ya kamba, na kusaini fomu. Fomu hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri zote saba, ikiwa na majina ya wajumbe walioilalia, ili mzazi wa Itigi au wa Mkalama aisome kabla hajampa mtoto wake blanketi la pili.

Kinampanda ninaweza kuwaonyesha njia.